Mangi Meli wa Moshi

Sisi wa Korogwe na Handeni twazijua habari za Mputa, mwana wa Semboja wa Mazinde, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1895. Habari za Mangi Meli zafanana nazo, ila yeye hata baada ya kufa hakuachwa apumzike.

Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, akarithi kiti mwaka 1891, angali kijana. Mwezi wa Juni 1892 von Bülow alimwendea na askari, akashindwa, akafa vitani. Hapo shida ikalifikia Kanisa letu. Wamisionari wa CMS waliokuwa Moshi tangu 1885 walituhumiwa kumpa Meli bunduki, wakalazimika kuhamia Taveta. Mahali pao wakaja Walutheri wa Leipzig. Ndiyo maana Waanglikana wanaotoka kwetu kwenda Uchagani hujikuta wachache.

Mwaka 1893 Gavana von Schele alipanda na jeshi kubwa, na safari hii Meli alishindwa. Akaendelea kuwa mangi chini ya bendera ya Wajerumani hata aliposhitakiwa kupanga maasi. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa, huko Moshi ya zamani juu mlimani, pamoja na wengine. Jumla yao 19. Jamaa zake husema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Kwa desturi ya Wachaga wa kale, fuvu la mzee halikuachwa kaburini siku zote. Baada ya muda lilitolewa, likawekwa kihambani penye migomba na masale, awe karibu na wanawe. Basi tusishangae kwamba mjukuu wake alilitafuta kwa miaka mingi.

Huko Berlin mtaalamu Felix von Luschan alikuwa amekusanya maelfu ya mafuvu, apime vichwa vya mataifa. Mwaka 1998 nchi 44 zilikutana Washington, zikakubaliana kwamba picha na vitu vingine ambavyo Wanazi waliwanyang'anya Wayahudi vitafutwe katika majumba ya makumbusho, na wenyewe wapate haki yao. Kazi yake ni kusoma madaftari ya zamani, kujua kila kitu kilitoka kwa nani na kwa njia gani. Kazi kama hiyo ilifanywa baadaye kwa mafuvu ya Afrika Mashariki, 1,135, ambayo baadhi yake ni ya Tanzania.

Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno Akida. Akida huyo alikuwa mshauri wa Meli. Wazao wake walitafutwa, wakapimwa vinasaba, na Septemba 2023 ikatangazwa kwamba wamelingana naye. Mafuvu mengine mawili yalikaribia sana kulingana na ukoo mwingine wa Uchagani.

Meli mwenyewe, ambaye kwa ajili yake kelele zote zilipigwa, hakuonekana katika vipimo hivyo.

Siku ya Marehemu Wote sisi husoma majina ya watu wetu mbele ya altare. Mengi ya mafuvu yale hayakuandikwa jina lolote.