Mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941): Mwalimu wa Viongozi wa Tarumbeta

Katika sharika za Kilimanjaro, tangu mitaa ya mji wa Moshi kama Soweto hadi vijiji vya juu vinavyopakana na msitu, sauti ya tarumbeta imekuwa sehemu ya sauti ya Kanisa. Husikika katika sikukuu ya mavuno, katika Pasaka na Krismasi, katika harusi na katika mazishi, pale Mkristo anaposindikizwa kwa wimbo hadi kaburini kihambani kwake. Wapigaji hao walifundishwa na waalimu, na waalimu hao nao walikuwa na waalimu waliowatangulia. Anayeifuata njia hiyo kurudi nyuma hadi Ujerumani hawezi kulikwepa jina la Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel, ambaye watu wa nchi yake walimwita Jenerali wa Tarumbeta. Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mchungaji wa Kilutheri aliyetumia karibu maisha yake yote kuwafundisha watu wanaokwenda mbele ya wapigaji wengine. Inafaa maisha yake yasomwe yote, kwa maana yamo mengi ya kuiga na limo jambo moja kubwa la kujihadhari nalo.

Kuzaliwa na malezi

Johannes Kuhlo alizaliwa tarehe 8 Oktoba 1856 katika kijiji cha Gohfeld, Westfalia, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Eduard Kuhlo, alikuwa mchungaji wa kijiji hicho. Nchi ile ilikuwa ya wakulima na wafumaji wa kitani, watu wa kipato kidogo, na katika karne ya 19 iliguswa na uamsho mkubwa wa kiroho. Mhubiri aliyejulikana sana katika uamsho huo alikuwa Mchungaji Johann Heinrich Volkening wa Jöllenbeck, na katika usharika wake kilianzishwa mwaka 1843 kikundi cha tarumbeta kinachohesabiwa kuwa cha kwanza katika eneo lile.

Tarumbeta zilihitajika kwa sababu iliyo wazi. Waumini walikusanyika kwa maelfu katika sikukuu za misheni, wakisikiliza habari za Injili katika nchi za mbali na kutoa sadaka kwa ajili ya kazi hiyo. Hakuna kanisa la kijiji lililotosha watu wote hao, wala kinanda cha kanisani hakikuweza kubebwa hadi uwanjani. Vijana wachache wenye tarumbeta waliweza kuushika wimbo na kuuongoza umati wote chini ya miti. Hivyo tangu mwanzo tarumbeta za Westfalia na kazi ya misheni vilikua pamoja.

Johannes alilelewa katika mazingira hayo, akajifunza kupiga tangu utoto. Baada ya masomo ya shule na ya theolojia katika vyuo vikuu, alihudumu kuwa mchungaji wa Hüllhorst, si mbali na kwao, kwa muda wa miaka kumi hivi. Katika kipindi cha ujana wake, mwaka 1881, baba yake alichapisha kitabu cha nyimbo kwa ajili ya vikundi vya tarumbeta. Johannes aliiendeleza kazi hiyo kwa kutoa vitabu vingine, na kwa miongo mingi vikundi vingi vya Kiinjili nchini Ujerumani vilijifunza kupiga kwa kutumia vitabu vya baba huyo na mwanawe.

Huduma katika Bethel

Mwaka 1893 Kuhlo aliitwa Bethel, karibu na mji wa Bielefeld. Bethel ilikuwa imeanzishwa mwaka 1867 kuwa makao ya wagonjwa wa kifafa, watu ambao mara nyingi walifichwa au kutupwa na jamii. Tangu mwaka 1872 kazi hiyo iliongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, aliyeikuza ikawa mji mzima wa huduma. Hapo palikuwa na nyumba ya Nazareti, iliyoanzishwa mwaka 1877, ambamo vijana wa kiume walifundishwa ushemasi: kuuguza, kutunza maskini, kuongoza vijana na kulihubiri Neno. Kuhlo alikabidhiwa nyumba hiyo, akaiongoza hadi miaka ya 1920.

Nafasi hiyo ndiyo iliyomfanya kuwa mwalimu wa viongozi. Mwalimu wa usharika mmoja hufundisha kikundi kimoja. Kuhlo aliwafundisha mashemasi ambao, baada ya mafunzo yao, walitawanyika katika hospitali, shule na sharika za kila upande. Shemasi aliyetoka Nazareti akiwa amejua kupiga na kufundisha aliweza kuanzisha kikundi mahali alipopangiwa, akakiongoza, akawaandaa wengine wa kushika nafasi yake. Kwa njia hiyo mafundisho ya mtu mmoja yalifika mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Pamoja na hayo aliunda kikundi kidogo cha wapigaji sita, akasafiri nacho huku na huku ili watu wasikie kwa masikio yao upigaji aliokuwa akiufundisha.

Mafundisho yake

Kanuni ya kwanza ya Kuhlo ilikuwa kwamba tarumbeta ya Kanisa inapaswa kuimba. Aliwataka wapigaji wayajue maneno ya wimbo, wavute pumzi pale mwimbaji anapovuta, na waitoe sauti kwa upole kama koo la mwanadamu linavyoitoa. Mpigaji asiyejua wimbo unasema nini hawezi kuuongoza usharika katika wimbo huo. Kwa sababu hiyo alipendelea vyombo vyenye mrija unaopanuka polepole, vyenye sauti nene na laini, kuliko vile vyembamba vyenye sauti kali ya kambini.

Kanuni ya pili ilihusu noti. Katika bendi za kijeshi kila aina ya chombo ilikuwa na karatasi yake, na noti iliyoandikwa haikuwa lazima iwe sawa na sauti iliyosikika. Kuhlo baba na Kuhlo mwana walishika njia nyingine: noti ziandikwe kama zinavyosikika, katika sauti nne, zile zile zinazotumiwa na mpiga kinanda na wanakwaya. Faida yake kwa usharika maskini ilikuwa kubwa. Kitabu cha aina moja kiliwatosha wote, na kwaya, kinanda na tarumbeta viliweza kushirikiana katika wimbo mmoja bila kazi ya kuandika upya. Soprano, alto, teno na besi walikaa mbele ya ukurasa mmoja, kila mmoja akiona mwenzake anafanya nini.

Kanuni ya tatu ilikuwa nidhamu. Kuhlo aliongoza makusanyiko ambamo wapigaji kutoka vijiji vingi, wasiowahi kufanya mazoezi pamoja, walipiga kwa umoja. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa wote walikuwa wamefundishwa njia moja na viongozi waliofundishwa njia moja. Yeye mwenyewe alikuwa mpigaji hodari, na aliwafundisha viongozi wake kwa kupiga mbele yao.

Njia ya kuja Afrika Mashariki

Kuhlo hakuhudumu katika nchi yetu, lakini Bethel ilihudumu. Chama cha misheni kwa ajili ya Afrika Mashariki kilichoanzishwa Berlin mwaka 1886 kilipata msaada wa Bodelschwingh tangu mwaka 1890, na mwaka 1906 makao yake yalihamishiwa Bethel. Wamisionari wake walianza kazi Usambara mwaka 1891, na mwaka 1910 walifika Bukoba. Mashemasi wa Nazareti walikuwa miongoni mwa watumishi waliotumwa, hasa Lutindi katika milima ya Usambara, ambako palianzishwa makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani na baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kilimanjaro ilipokea Injili kwa mkono wa Misheni ya Leipzig, iliyofika Machame mwaka 1893, mwaka ule ule Kuhlo alipoingia Bethel. Mamba ilifuata mwaka 1894 na Kidia, Moshi ya Kale, mwaka 1896. Wamisionari hao walitoka katika sharika ambazo nazo zilikuwa na desturi ya tarumbeta, na urithi huo wa nyimbo za Kilutheri za sauti nne ulikita mizizi katika migomba ya Uchagani. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, na Vita ya Pili ilipowaondoa tena, waalimu na wainjilisti Waafrika ndio waliobaki na sharika, na nyimbo hazikunyamaza. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, leo KKKT. Warithi wa Leipzig na warithi wa Bethel wakawa nyumba moja, wakiimba kutoka kitabu kimoja.

Kivuli katika uzee wake

Historia ya kweli haifichi doa. Kuhlo alikuwa mtu wa kizazi kilichoamini kwamba kumpenda Mungu na kumtii mtawala ni kitu kimoja. Kaiser Wilhelm wa Pili alipotembelea Bethel mwaka 1897, tarumbeta zilimpokea chini ya uongozi wake. Watu wengi wa wakati huo hawakuona tatizo katika heshima kama hiyo. Tatizo lilikuja kuonekana miaka mingi baadaye.

Januari 1933 Adolf Hitler alipotwaa madaraka, Kuhlo alikuwa na umri wa miaka 76. Alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi na mfuasi wake wa wazi, na jina lake kubwa miongoni mwa wapiga tarumbeta liliwapa wengi moyo wa kufuata. Mtu aliyewafundisha maelfu kuutazama mkono wa kiongozi hakupima vema mkono aliokuwa akiutazama yeye. Wakati huo huo Wakristo wengine wa Ujerumani waliona hatari. Mei 1934 walikutana Barmen wakakiri kwamba Kanisa lina Bwana mmoja, Yesu Kristo, na kwamba halipaswi kusikiliza sauti ya mwingine kana kwamba ni sauti yake.

Gharama ya kosa hilo ilifika hadi mlangoni mwa Bethel. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Hitler iliua wagonjwa na walemavu wapatao 70,000, miongoni mwao watu wa aina ile ile ambao Bethel ilijengwa kwa ajili yao. Wagonjwa kadhaa Wayahudi waliondolewa Bethel mwaka 1940 na kuuawa. Kiongozi wa Bethel wakati huo, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, mwana wa yule wa kwanza, alikataa kujaza fomu za kuwachagua wagonjwa, akajitahidi kuwazuia wakuu wa serikali. Kuhlo alifariki Bethel tarehe 16 Mei 1941, mauaji hayo yakiwa bado yanaendelea. Mji mmoja ulikuwa na wazee wawili wa Kanisa. Mmoja aliutumia uzito wa jina lake kuusifu utawala, na mwingine aliutumia kuwakinga wanyonge.

Urithi wake

Baada ya vita vikundi vya tarumbeta vya Ujerumani havikumtupa Kuhlo, wala havikumfuata katika kila jambo. Wilhelm Ehmann, aliyeanzisha shule ya muziki wa Kanisa huko Herford mwaka 1948, alirekebisha hata mafundisho yake juu ya vyombo, akirudisha tarumbeta nyembamba na sauti iliyo wazi zaidi. Lakini zile nguzo zilibaki: wimbo wa Kanisa kwanza, noti moja kwa wote, na kiongozi anayewaandaa viongozi wengine.

Nguzo hizo hazijapitwa na wakati katika sharika zetu. Usharika ukitaka tarumbeta zake zidumu, haitoshi kununua vyombo vipya. Vyombo huzeeka, vali hukwama, na fedha za ukarabati hutafutwa kwa michango. Kinachodumu ni mwalimu anayemshika kijana wa kipaimara, akamfundisha kusoma noti na kuyajua maneno, kisha siku moja akamkabidhi fimbo ya kuongoza na yeye mwenyewe akasimama katika safu ya besi.

Tena maisha ya Kuhlo yanamwonya kila anayetangulia msafara. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya baragumu inayotoa sauti isiyofahamika, kwamba hakuna atakayejiandaa kwa vita kwa sauti hiyo. Kuhlo aliwapa wapigaji wake sauti safi isiyo na kasoro. Kilichochanganyika ni bwana aliyetumikiwa na sauti hiyo. Kikundi kinachotembea vizuri nyuma ya kiongozi wake kitamfuata hata anapopotea, na kadiri kinavyofundishwa vizuri ndivyo kitakavyofika mbali naye. Kwa hiyo anayemfundisha kiongozi wa tarumbeta hana budi kumfundisha pamoja na hatua na mapigo kujua ni nani anayestahili kupigiwa.

Usharika unapohesabu miaka 100 ya neema, wapiga tarumbeta wake wana haki ya kumkumbuka mwalimu huyu kwa shukrani na kwa akili timamu. Yale aliyofundisha kwa haki yanasikika kila wimbo wa Luther uliotokana na Zaburi ya 46 unapopanda kwa sauti nne juu ya mabonde ya Kilimanjaro. Zaburi hiyo yenyewe inasema mataifa hutikisika na falme hupita, na kwamba Mungu peke yake ndiye ngome. Heshima ya kila tarumbeta, na ya kila mkono unaoiongoza, na iwe kwake milele.