Taazia ya Bibi Patsy Mink

Ni desturi ya mabaraza ya kutunga sheria kwamba mjumbe anapofariki, wenzake husimama kimya, kisha mmoja baada ya mmoja humtaja kwa wema. Aghalabu sifa hizo huwa nyingi kuliko alizozipata marehemu alipokuwa hai, na waliompinga huwa wa mwanzo kuomba nafasi ya kusema. Hatuoni ubaya katika jambo hilo. Lakini taazia chache sana huacha alama katika vitabu vya sheria, na mojawapo ni ile ya Bibi Patsy Takemoto Mink, aliyefariki Honolulu tarehe 28 Septemba, 2002, akiwa na umri wa miaka 74. Yeye alikuwa mjumbe wa visiwa vya Hawaii katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, jina ambalo wasomaji wetu wa Visiwani hawahitaji kufasiriwa.

Alizaliwa tarehe 6 Desemba, 1927, huko Paia katika kisiwa cha Maui, penye mashamba ya miwa ambayo wahamiaji kutoka Japani, babu zake wakiwamo, waliyafanyia kazi. Alitaka kuwa daktari. Mwaka 1948 vyuo vya udaktari alivyoviomba vyote vilimkataa. Akageukia sheria, na Chuo Kikuu cha Chicago kikampokea katika fungu la wanafunzi wa kigeni, ingawa alikuwa raia wa Marekani tangu kuzaliwa. Wakubwa wa bara, yaelekea, hawakuwa na hakika Hawaii iko upande gani wa mpaka.

Aliolewa na Bwana John Mink, akahitimu mwaka 1951, kisha akarejea kwao na mtoto mchanga. Hapo akaambiwa kwamba kwa kuwa mwanamke aliyeolewa hufuata makazi ya mumewe, yeye si mkaazi tena wa visiwa alivyozaliwa, na hivyo hawezi kufanyiwa mtihani wa uwakili. Alibishana na kanuni hiyo mpaka ikamwachia. Ofisi za mawakili nazo hazikumtaka mama mwenye mtoto, akafungua yake.

Mwaka 1964 alichaguliwa, na Januari 1965 akaingia Barazani, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufika humo. Kazi anayokumbukwa kwayo zaidi ni ile aliyoifanya pamoja na Bibi Edith Green wa Oregon na wengineo: kifungu cha 9 cha sheria ya elimu ya mwaka 1972, kinachokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake. Aliyefungiwa milango ya vyuo alitia mkono katika kuandika amri ya kuifungua.

Sheria hiyo iliponea chupuchupu. Mwezi Julai 1975 wapinzani walitaka michezo isiguswe nayo. Siku ya kura, Bibi Mink alipata habari kwamba binti yake ameumia vibaya katika ajali ya gari mjini Ithaca, New York. Akatoka ukumbini mbio. Upande wake ukashindwa kwa kura moja. Baada ya wajumbe kuelezwa sababu ya kutokuwapo kwake, kura ilirudiwa, na safari hii wakashinda. Kwa maoni yetu, taazia iliyo bora aliipata siku zile, naye yu hai kando ya kitanda cha mwanawe.

Maofisa wa serikali watapenda kujua habari nyingine. Mwaka 1971 yeye na wajumbe wenzake 32 waliishitaki serikali ili iwaonyeshe nyaraka kuhusu jaribio la bomu la nyuklia katika kisiwa cha Amchitka, Alaska. Mahakama Kuu kabisa iliwakatalia mwaka 1973. Mwaka uliofuata Bunge lilirekebisha sheria ili mahakimu waweze kuzikagua wenyewe nyaraka zinazoitwa za siri, hata baada ya Rais Ford kuikataa.

Si kwamba alishinda daima. Mwaka 1976 aliwania kiti cha Seneti akashindwa, na hakurudi Barazani mpaka mwaka 1990. Katikati ya miaka hiyo alikubali hata udiwani wa Honolulu, jambo ambalo wakubwa wengi wangeliona ni kushuka. Mwaka 1996 aliipinga sheria iliyopunguza misaada kwa akina mama maskini. Ikapita, na wengi wa chama chake walikuwa miongoni mwa walioiunga mkono.

Basi alipofariki, wajumbe wa vyama vyote viwili walisimama kumsifu, na maneno yao yakachapishwa kitabu. Lakini hawakuishia hapo. Katika mwezi ule uliofuata kifo chake walipitisha azimio la kukipa jina lake kile kifungu cha mwaka 1972, na Rais Bush akatia saini tarehe 29 Oktoba, 2002.

Wakati huo muda wa kuliondoa jina lake katika karatasi za kura ulikuwa umekwisha kupita. Mwezi Novemba watu wa Hawaii walikwenda vituoni, wakijua vizuri kwamba yu kaburini, wakamchagua tena. Ikabidi uchaguzi mwingine uitishwe.