Mkwawa: Mwili Mlambalasi, fuvu Kalenga

KATIKA kijiji cha Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, ipo nyumba ndogo ya makumbusho ambamo limehifadhiwa fuvu la kichwa cha binadamu. Karibu nalo zimo mikuki, ngao na silaha nyingine za enzi za vita. Hilo ndilo fuvu lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 likitajwa kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyefariki dunia mwaka 1898.

Kukusanya vitu vya watu mashuhuri ni desturi ya dunia nzima. Huko Marekani wapo wanaotumia fedha nyingi kununua kofia, bastola na picha za waigizaji wa zamani wa filamu za makauboi zilizokuwa zikionyeshwa kwenye televisheni. Watu hao hukusanya kwa mapenzi. Kilichokusanywa kwa Mkwawa ni kichwa chake, na waliokichukua ni maadui waliokuwa wamemwinda kwa miaka minne.

Mkwawa alizaliwa Luhota, Iringa, yapata mwaka 1855. Jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha himaya ndogo ndogo za nyanda hizo na kuwa dola moja ya Wahehe.

Dola hiyo ilikua kwa vita na majirani. Upande wa magharibi walikuwako Wasangu, ambao nchi yao leo ni Mbarali katika Mkoa wa Mbeya. Wahehe walijifunza kwao namna ya kupanga majeshi kwa vikosi, kisha wakawageuzia silaha. Merere, mtawala wa Usangu, alilazimika kuihama nchi yake na kwenda Usafwa, karibu na ulipo mji wa Mbeya wa sasa. Uhasama huo uliacha jeraha ambalo Wajerumani walikuja kulitumia baadaye.

Munyigumba alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, ulizuka ugomvi wa urithi. Mwamubambe, mmoja wa wakuu wa vita, aliutwaa utawala na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Aliporudi na jeshi lake alimshinda mpinzani huyo mahali palipokuja kuitwa Ilundamatwe, yaani panapolundikwa vichwa.

Baada ya hapo alipigana na Wangoni, akaitanua himaya yake na kuidhibiti misafara iliyopita kati ya pwani na bara. Pale Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome iliyozungushiwa ukuta mrefu, maarufu kwa jina la Lipuli. Humo zilihifadhiwa pembe za ndovu, bunduki na baruti.

Wajerumani walipoanza kujipenyeza bara, mgongano haukuepukika. Mwaka 1891 kikosi cha kamanda wao, Emil von Zelewski, kiliingia Uhehe kikichoma vijiji njiani. Agosti 17 mwaka huo, pale Lugalo, mashariki mwa Iringa, wapiganaji wa Mkwawa waliokuwa wamejificha vichakani walikivamia ghafla. Vita hivyo vilichukua muda mfupi sana. Zelewski aliuawa, pamoja na Wazungu wengine, askari zaidi ya 200 na wapagazi wengi. Bunduki zipatazo 300 na mizinga vilitekwa, vikawa mali ya Wahehe.

Ushindi huo haukuja bila gharama, kwani Wahehe nao walipoteza watu wengi. Ulikuwa pia fedheha ambayo Berlin haikuweza kuimeza. Baadaye Wajerumani walijenga mnara wa kumbukumbu ya wenzao pale Lugalo, na wakaanza kujiandaa kulipiza kisasi.

Kisasi hicho kilifika mwishoni mwa Oktoba 1894. Jeshi la Gavana Friedrich von Schele liliipiga Kalenga kwa mizinga na Oktoba 30 likaivunja ngome. Silaha zilizotekwa Lugalo zilibadilisha mikono kwa mara nyingine. Hata hivyo, Mkwawa mwenyewe hakupatikana.

Kwa karibu miaka minne aliishi porini na milimani, akihama kila wakati. Wananchi walimlisha, walimficha na kumpelekea habari za nyendo za adui, ingawa wengi waliadhibiwa vikali kwa kufanya hivyo. Kapteni Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Sakarani, alijenga boma jipya mwaka 1896 mahali ulipo mji wa Iringa. Wajerumani wakamsaidia Merere kurejea Usangu, na hivyo Mkwawa akabanwa pia kutoka upande wa Mbeya.

Desemba 1896 walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala. Haikupita hata miezi miwili, wakamnyonga kwa tuhuma za kuwasaidia wapiganaji. Kisha ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayefanikisha kupatikana kwa Mkwawa, akiwa hai au amekufa.

Julai 19, 1898, kikosi kilichoongozwa na Sajenti Merkl kilimfikia pale Mlambalasi. Mkwawa, akiwa mgonjwa na amebaki na kijana mmoja tu, alikuwa tayari amejipiga risasi kichwani. Alichagua kufa kwa mkono wake kuliko kufungwa kamba na kuonyeshwa hadharani. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa bomani Iringa, na mwili ukazikwa Mlambalasi.

Kwa desturi za Wahehe, kama ilivyo kwa makabila mengi nchini, kaburi la mtawala ni mahali ambapo ukoo hukutana na wahenga wake. Kumzika mtu bila kichwa ni kuuacha msiba ukiwa haujakwisha. Wakati huohuo, makumbusho na vyuo vya Ulaya vilikuwa vikikusanya mafuvu ya Waafrika kwa maelfu, yakapimwa na kupangwa kwenye makabati ili kuthibitisha nadharia za ubaguzi wa rangi ambazo leo sayansi imezikataa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliochukua nchi walikuwa na hesabu zao. Mwaka 1918 mtawala wao, Horace Byatt, alipendekeza fuvu hilo lidaiwe, akiamini kuwa kurudi kwake kungewafurahisha Wahehe na kuwaonyesha kwamba enzi ya Mjerumani imekwisha. Ndivyo jina la Mkwawa lilivyoingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kiliidai pia Kurani ya Khalifa Othman.

Miezi sita ikageuka miaka 35, huku Wajerumani wakisema hawana fuvu hilo. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua suala hilo, akaenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953. Huko kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki. Uchaguzi ulifanywa kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na lililochaguliwa lilikuwa na tundu la risasi.

Juni 19, 1954, Twining alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baada ya Uhuru alikuja kuwa Spika wa Bunge. Siku 18 baadaye, Julai 7, chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Mwingereza alirejesha fuvu ili kujijengea heshima, lakini mtu aliyekataa kutawaliwa na wageni alikuwa amerudi nyumbani wakati wananchi wanaanza kudai nchi yao.

Baadhi ya wanahistoria wametilia shaka iwapo fuvu hilo ni la Mkwawa kweli, kwani vipimo vya wakati ule havikuweza kumtambua mtu mmoja kwa uhakika. Leo sayansi imesonga mbele. Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Vipimo vya vinasaba viliyahusisha baadhi yake na jamaa walio hai nchini Tanzania, likiwamo la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Wachaga. Novemba mwaka huohuo, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea, ambako wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, wameendelea kulitafuta fuvu lake.

Kwa wazao hao, Kalenga ni mfano wa kinachowezekana. Boma la Wajerumani mjini Iringa nalo liligeuzwa makumbusho mwaka 2016, na jina la Mkwawa limepewa chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichoanzishwa mjini humo mwaka 2005.

Hata hivyo, safari ya Mkwawa haijakamilika. Mwili wake umezikwa Mlambalasi, na fuvu linalotajwa kuwa lake liko Kalenga. Mgeni anayetaka kutoa heshima zake kwa Mtwa hulazimika kwenda mahali pawili.