Mekatilili alifungwa Kisii

Kila nipitapo Ikonge nikielekea mji wa Kisii, humkumbuka mama yetu Mekatilili wa Menza. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Mekatilili maana yake mama wa Katilili. Mwaka 1913 alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu na kuwaapisha watu wasitoe vijana wakawafanyie Waingereza kazi. Alikamatwa na Wanje wa Mwadori, wakapelekwa kufungwa huku Kisii. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Hakuwa na cheo wala bunduki. Alikuwa mjane aliyeona mama wenzake wakinyang'anywa wana. Leo wana wetu wanahama vijijini wenyewe. Tuwasimulie habari zake kabla hawajaondoka.