Ritchie Valens: Kijana aliyeuvusha mpaka wimbo wa Veracruz

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa kuamkia Februari 3, 1959, ndege ndogo ya kukodi ilianguka katika shamba lililofunikwa na theluji karibu na mji wa Clear Lake, jimbo la Iowa nchini Marekani. Watu wote wanne waliokuwamo walipoteza maisha.

Mmoja wao alikuwa Ritchie Valens, kijana wa miaka 17 ambaye miezi tisa tu kabla ya hapo hakuwa akifahamika nje ya kitongoji alichokulia.

Wengi wanaoucheza wimbo wa La Bamba katika harusi na kumbi za starehe hawalijui jina lake. Hata wale wanaolijua hudhani kuwa yeye ndiye aliyeutunga. Ukweli ni kwamba wimbo huo ulikuwapo muda mrefu kabla hajazaliwa, na ulizaliwa upande wa pili wa mpaka, nchini Mexico.

Valens alizaliwa Mei 13, 1941 mjini Los Angeles akipewa jina la Richard Steven Valenzuela. Wazazi wake walikuwa Wamarekani wenye asili ya Mexico, nao walimlea katika kitongoji cha Pacoima, mahali ambapo familia za vibarua wa Kimexico ziliishi jirani na Wamarekani weusi na wahamiaji wengine.

Nyumbani kwao muziki haukukauka. Aliwasikia ndugu zake wakipiga nyimbo za mariachi, na redioni akasikia bluzi na rock and roll. Akiwa bado mtoto alianza kujifunza gitaa na, ingawa alitumia mkono wa kushoto kwa kawaida yake, alilipiga kwa mkono wa kulia. Baba yake alifariki dunia kijana huyo akiwa bado mdogo, na mama yake akabaki na mzigo wa kulea familia.

Jambo moja lilikosekana. Kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa kizazi chake, Valens alikuwa mzungumzaji wa Kiingereza na Kihispania hakukijua vizuri. Enzi hizo, katika shule nyingi za kusini-magharibi mwa Marekani, mtoto aliyesikika akizungumza Kihispania aliadhibiwa.

Mei 1958, Bob Keane, mmiliki wa kampuni ya kurekodi ya Del-Fi, alimsikia kijana huyo akitumbuiza na kumpatia mkataba. Jina la Valenzuela likafupishwa kuwa Valens, ili lisiwafanye watangazaji wa redio kumweka katika fungu la wanamuziki wa Kimexico pekee. Ndivyo biashara ya muziki ilivyokuwa ikiendeshwa.

Wimbo wake wa kwanza, Come On, Let's Go, ulitoka mwaka huo huo na kufanya vizuri. Ulifuatiwa na santuri yenye nyimbo mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na Donna, wimbo wa mapenzi aliomtungia msichana aliyesoma naye. Upande wa pili ulikuwa La Bamba.

La Bamba ni wimbo wa son jarocho, muziki wa jimbo la Veracruz lililoko kwenye Ghuba ya Mexico. Muziki huo ulitokana na kukutana kwa wenyeji wa asili, Wahispania na Waafrika waliofikishwa bandarini hapo wakiwa watumwa. Hupigwa kwa kinubi na gitaa dogo liitwalo jarana katika sherehe za fandango, huku wachezaji wakigonga kwa visigino jukwaa la mbao ambalo lenyewe huwa ngoma.

Katika mchezo wa La Bamba, mwanamume na mwanamke huufunga utepe kwa miguu bila kuugusa kwa mikono, ishara ya ndoa.

Kwa mujibu wa Keane, Valens alisita kuurekodi wimbo huo. Aliona si heshima kuuchukua urithi wa wazee wake na kuugeuza rock and roll. Baadaye alikubali, shangazi yake akamsaidia maneno, naye akayaimba yote kwa Kihispania. Gitaa la umeme likachukua nafasi ya jarana, na mpiga ngoma Earl Palmer akatia mdundo mpya.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Kijana huyu alikuwa amefupishiwa jina na kukulia katika lugha nyingine, lakini mila hiyo hakuiacha. Mapema mwaka 1959, Donna ilifika nafasi ya pili katika chati ya jarida la Billboard, na La Bamba nafasi ya 22, jambo la nadra kwa wimbo usio na neno la Kiingereza.

Hakupata muda wa kuyafaidi mafanikio hayo. Valens aliogopa ndege tangu Januari 31, 1957, ndege mbili zilipogongana angani na mabaki yake kuangukia shule aliyosoma huko Pacoima na kuua wanafunzi watatu. Siku hiyo yeye alikuwa katika mazishi ya babu yake.

Lakini katika ziara ya majira ya baridi ya mwaka 1959, basi la wanamuziki lilikuwa bovu na halikuwa na joto. Baada ya onyesho la Clear Lake, Valens na mpiga gitaa Tommy Allsup walirusha sarafu kugombea kiti kilichobaki katika ndege iliyokodiwa na Buddy Holly. Valens akashinda. Yeye, Holly, mwanamuziki J.P. Richardson na rubani Roger Peterson hawakufika walikokuwa wakienda.

Chema hakidumu, lakini wimbo ulidumu. Mwaka 1987 mkurugenzi Luis Valdez alitoa filamu ya maisha yake, na La Bamba ya kundi la Los Lobos ikashika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Kundi hilo liliumalizia wimbo kwa ala za jarocho, kana kwamba linaurudisha nyumbani. Mwaka 2001 Valens aliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll.

Mwaka 2008, wapigaji wa son jarocho walianzisha fandango kwenye uzio wa mpakani kati ya Tijuana na San Diego, wengine wakiwa upande huu na wengine upande ule. Uzio uliwatenganisha watu, lakini mdundo ulipita katikati ya nondo zake, kama ulivyokwisha kupita miaka 50 nyuma katika gitaa la kijana wa Pacoima.