IBN BATTUTA: MSAFIRI ALIYELALA MOMBASA USIKU MMOJA

Mwaka huu nimechagua kuwasimulia maisha ya mtu aliyelala kisiwani kwetu usiku mmoja tu, lakini habari zetu alizozieleza zinasomwa mpaka leo. Mtu huyo ni Ibn Battuta.

Alizaliwa mwaka 1304 mjini Tangier, nchini Moroko. Mnamo 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji Makka. Badala ya kurudi kwao, akanogewa na safari. Mwaka 1331 alifika Mombasa kwa chombo, akitokea Mogadishu. Aliwakuta wazee wetu ni wacha Mungu, chakula chao ndizi na samaki. Misikiti ilikuwa ya mbao, na milangoni mwake mlikuwa na visima vifupi, kina chake dhiraa moja au mbili, watu wakinawa miguu kabla ya kuingia. Nami nikipita Mji wa Kale magharibi na kuona watu wakitia udhu, humkumbuka yeye. Kulipokucha alitweka kwenda Kilwa.

Basi nilichukua uzi nikapima juu ya tufe la maktaba. Tangier hadi Mombasa ni kama kilomita 6,500. Ndege iendayo kilomita 800 kwa saa, lau ingeruka moja kwa moja, ingetumia saa nane hivi, yaani tangu kengele ya asubuhi mpaka sisi wanafunzi wa kutwa tufungashe vitabu kwenda nyumbani. Yeye ilimchukua miaka sita! Kusema kweli nilicheka.

Halafu nikaacha kucheka. Kakangu alipanda ndege kwenda kufanya kazi Muscat nikiwa darasa la tano. Huko ni kama kilomita 3,700; kwa hesabu ileile, hata saa tano hazitimii. Lakini miaka sita sasa hajarudi. Simu hupiga, ndiyo, ila mama akisikia ndege ikipita bado hutoka uani akatazama juu.

Ibn Battuta naye alifika India, Maldivi na hata Uchina. Aliporejea Dameski mwaka 1348, akaambiwa babake alishakufa miaka 15 nyuma. Mwaka 1349, akiwa amekaribia kabisa kwao, akapata habari kwamba mamake amefariki kwa tauni. Alikaa nje miaka 24, akachelewa kwa miezi tu.

Baadaye alisafiri tena hadi Mali, kisha akasimulia safari zake zote zikaandikwa kitabu, kikamalizika mwaka 1355. Yeye alifariki yapata mwaka 1368.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Waama ni kweli, lakini wanaokungoja huko ngamani nao wana siku zao. Gazeti hili likishatoka, nakala moja nitamtumia kakangu.