James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia aliyetafuta bei ya joto

Dereva anayeteremka Kitonga na lori la shaba, akitoka Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, haulizwi na mtu kama amesoma fizikia. Anaingiza gia nzito, anashuka polepole, na akifika chini harufu ya breki bado inamfuata. Lori limeshuka mamia ya mita bila kuongeza mwendo. Kazi yote ambayo uzito ule ungeifanya imekwenda wapi?

Imegeuka joto. Chukua lori la tani 50 linaloshuka mita 400 kwa mwendo uleule. Joto linalobebwa na breki, injini na upepo, kama lingekusanywa lote, lingetosha kuchemsha karibu mapipa matatu ya maji, yale ya lita 200. Ndiyo maana gia nzito si ushauri wa woga. Inaifanya injini ipokee sehemu ya mzigo ambao breki peke yake zingeushindwa.

Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu ya Mwingereza mmoja aliyefariki mwaka 1889, James Prescott Joule. Jina lake linavuka mipaka yetu kila siku. Geuza pakiti ya biskuti au kopo la maziwa ya unga, soma pale penye maelezo ya lishe, utaona herufi kJ. Ile J ni yeye.

Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba 1818 Salford, jirani na Manchester, wakati mji huo ukijaa viwanda vya pamba na moshi wa makaa ya mawe. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Mtoto alikuwa na haya, na uti wa mgongo wake ulikuwa dhaifu, hivyo akafundishwa nyumbani. Mwaka 1834 yeye na kaka yake Benjamin walipelekwa kwa John Dalton, mwanakemia mzee aliyejulikana Ulaya nzima kwa nadharia yake ya atomu. Dalton aliwafundisha hesabu na jometri mpaka alipopata kiharusi mwaka 1837. Chuo kikuu Joule hakusoma, wala hakuwahi kuwa profesa. Alifanya kazi kiwandani, na majaribio yake aliyafanya kwa fedha za familia.

Swali lake la kwanza lilikuwa la mfanyabiashara. Mitambo ya mvuke ilikula makaa ya mawe. Mota ya umeme ilikuwa kitu kipya, na wengi waliamini kwamba betri zingetoa nguvu kubwa kwa gharama ndogo. Kijana Joule naye aliliamini hilo mwanzoni. Kisha akakaa chini akapiga hesabu. Betri za wakati huo zilikula zinki kama mtambo unavyokula makaa, kwa hiyo akalinganisha: ratili moja ya zinki inanyanyua mzigo kiasi gani, na ratili moja ya makaa inanyanyua kiasi gani? Kufikia mwaka 1841 alikuwa na jibu. Zinki ilitoa karibu moja ya tano tu ya kazi ya makaa, nayo ilikuwa ghali zaidi. Mpango wa mota ukafa hapo.

Ila katika kupima alikuwa ameona jambo lingine. Waya unaopitisha umeme hupata joto, na joto hilo lina kanuni: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Alitangaza hilo akiwa bado na umri wa miaka 21. Fundi umeme anayekukatalia kuunga jiko kwenye waya mwembamba anafuata kanuni hiyohiyo, awe amesikia jina la Joule au la.

Hapo ndipo alipogongana na wakubwa. Wataalamu wengi wa zama zile walilihesabu joto kuwa aina ya kimiminika kisichoonekana, kinachohama kutoka kitu kimoja hadi kingine lakini hakitengenezwi wala hakipotei. Joule alikuwa akiona joto likitengenezwa. Kama ni hivyo, lazima liwe na bei yake. Wewe unayebadilisha fedha Busia au Namanga utamwelewa upesi kuliko walivyomwelewa wenzake: alitaka kujua kiwango cha kubadilisha kazi kuwa joto, na kama kiwango hicho ni kimoja kila mahali au kinategemea duka uliloingia.

Mwaka 1843 alikwenda Cork, Ireland, kwenye mkutano wa wanasayansi, akaeleza vipimo vyake vya mwanzo. Ukumbi ulikaa kimya. Mwaka uliofuata Royal Society, chama kikuu cha sayansi cha Uingereza, ilikataa kuchapisha makala yake nyingine. Yeye akaendelea kuzunguka madukani, kwa maana hiyo yangu ya kubadilisha fedha. Alipima kwa umeme, kwa kusukuma maji kwenye matundu membamba, kwa kugandamiza hewa. Majibu hayakulingana sawasawa, lakini yalikuwa yakisogeleana.

Jaribio lililompa jina ni rahisi kulieleza hata kwa mtoto. Chukua chombo cha shaba chenye maji, weka ndani yake makasia madogo yanayozunguka. Funga kamba kwenye mhimili, ipitishe kwenye kapi, ning'iniza mizigo ya risasi. Mzigo ukishuka, makasia yanakoroga maji. Unajua uzito wa mzigo na umbali ulioshuka, kwa hiyo unaijua kazi iliyofanyika. Kilichobaki ni kupima maji yamepata joto kiasi gani.

Ugumu uko hapo. Katika vipimo alivyofanya kwenye chumba cha chini ya nyumba, mizigo miwili ya kilo 13 hivi kila mmoja ilishushwa mara 20, kazi ya kama dakika 35, na maji yakapanda karibu theluthi moja tu ya nyuzi moja ya sentigredi. Joto la mwili wa mtu aliyesimama karibu lingeweza kuharibu kila kitu. Lakini Joule alikulia kwenye kiwanda cha bia, na bia haisamehi mtu anayekosea joto. Fundi wa Manchester, John Benjamin Dancer, alimtengenezea vipimajoto vya kusoma sehemu ndogo mno za nyuzi, na jicho lake lilikuwa limezoea.

Mwezi Aprili 1847 alitoa mhadhara katika chumba cha kusomea cha kanisa la St Ann's, Manchester, akieleza kwamba mwendo, kazi na joto ni vitu vinavyogeuzana na hakuna kinachopotea. Waliouchapa mhadhara wote ni gazeti la Manchester Courier, ambako kaka yake alikuwa akiandika habari za muziki. Sisi wa magazeti tunalaumiwa kwa mengi, basi hili tuhesabiwe.

Miezi michache baadaye, Oxford, mwenyekiti wa kikao alimwomba afupishe maelezo. Huenda yangepita kama ya Cork, lakini ndani ya ukumbi alikuwamo kijana William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin. Aliuliza maswali, na watu wakaanza kusikiliza. Mwaka huohuo Joule alimwoa Amelia Grimes wakaenda fungate kwenye milima ya Alps. Thomson alisimulia baadaye kwamba alikutana naye huko akiwa na kipimajoto kirefu, akitafuta maporomoko ya maji. Maji yanayoanguka, kwa hesabu ya Joule, yanapaswa kufika chini yakiwa na joto kidogo zaidi.

Thomson hakukubali mara moja, na shaka yake ilikuwa ya haki. Kama joto na kazi vinabadilishana, mbona joto la breki halirudi kulipandisha lori mlimani? Yeye na Mjerumani Rudolf Clausius walilimaliza suala hilo mwanzoni mwa miaka ya 1850. Kiwango cha Joule ni sahihi, ila soko lina upande. Kazi yote unaweza kuigeuza joto. Ukitaka kulirudisha joto kuwa kazi, sehemu yake lazima ibaki kama joto. Injini yako ya dizeli inatupa sehemu kubwa ya joto la mafuta kupitia bomba la moshi na rejeta, na hakuna fundi wa kuizuia yote isitoke.

Joule hakuwa peke yake. Daktari wa Kijerumani, Robert Mayer, alichapisha wazo hilo mwaka 1842, na ugomvi wa nani alitangulia ulidumu miaka. Kwa maoni yangu Mayer alilitangulia wazo, Joule akalipa vipimo ambavyo hakuna aliyeweza kuvipuuza. Royal Society iliyomkataa ilimpokea uanachama mwaka 1850.

Amelia alifariki mwaka 1854, na mtoto wao mchanga akafa pia. Joule alibaki na watoto wawili. Kiwanda kiliuzwa. Aliendelea kufanya kazi na Thomson, wakaonyesha kwamba gesi ikipenyezwa mahali pembamba na kutanuka, kwa kawaida hupoa. Kwa njia hiyo hewa ilikuja kugeuzwa kimiminika, na kutoka hewa hiyo tunapata oksijeni ya mitungi. Yeye hakutajirika. Fedha za familia zilimwishia, na mwaka 1878 serikali ilimpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka.

Mwezi Agosti 1889 mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme, Paris, ulilipitisha jina lake kuwa kipimo cha nishati. Uniti moja ya umeme unayonunua kwa tokeni ni joule 3,600,000, iwe Kampala, Kigali au Mombasa. Wiki sita hivi baada ya mkutano huo, tarehe 11 Oktoba, Joule alifariki nyumbani kwake Sale. Kwenye jiwe la kaburi lake imechongwa namba 772.55: ndizo futi ambazo ratili ya maji ingepaswa kushuka ili joto lake lipande nyuzi moja ya Farenhaiti. Vipimo vya leo vinasema ni 778.